Tanuri la Mama Mfuniko

Jina la Mama Mfuniko lilianza kama kejeli. Siku zile alipoanza kuyeyusha alumini, kila alichojaribu kukisubu kwa kuimimina kwenye umbo la mchanga kilimshinda isipokuwa mifuniko, na hata hiyo mifuniko mingine ilipinda kiasi cha kukaa juu ya sufuria kama kofia ya mlevi. Wanawake wa mtaani wakawa wanaulizana, "Umepita kwa mama wa mifuniko?" Wakacheka, na jina likaganda. Yeye hakulikataa. Alisema afadhali kuitwa kwa kazi kuliko kuitwa kwa msiba, maana kabla ya hapo alikuwa "mke wa yule aliyeungua."

Aliyeungua alikuwa mumewe, fundi wa sufuria ambaye watu walimwita Taratibu. Ndilo neno alilolitumia kwa kila jambo. Ukimpelekea sufuria yenye tundu, "taratibu." Ukimuuliza itakuwa tayari lini, "taratibu." Hata siku ya harusi yake, wanasema, alipoulizwa kama amekubali kuoa alikaa kimya mpaka mama mkwe akaanza kujipepea kwa nguvu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, kana kwamba ameazima mikono ya mtu mwingine akasahau kuirudisha.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba, kuta tatu za mabati na upande wa nne wazi kuelekea uchochoroni. Katikati palikuwa na shimo lililozungushiwa matofali, ndani yake mkaa, na juu ya mkaa chungu kizito cha chuma. Pembeni palikuwa na feni ya kuzungusha kwa mkono, iliyopuliza hewa chini ya moto kupitia bomba. Na ukutani kulikuwa na rundo la vitu ambavyo mji mzima ulikuwa umechoka navyo: fremu za madirisha, pistoni za pikipiki, rimu za baiskeli, nyaya nene za umeme zilizovuliwa ganda, ngazi iliyokatika, makopo ya soda, na sufuria, sufuria nyingi, zilizotoboka makalio kwa uzee. Ukiangalia rundo lile ungeona jinsi alumini ilivyoingia katika kila kona ya maisha ya watu bila kupiga hodi. Ni nyepesi, haishiki kutu, inapitisha moto na umeme upesi, na ikichoka unaiyeyusha na kuanza upya. Mkewe ndiye aliyezisugua sufuria mpya kwa mchanga mpaka zikang'aa, kisha akazipeleka sokoni.

Taratibu alifanya kazi na mdogo wake, kijana wa miraba minne ambaye mtaa, kwa uchokozi, ulimbandika jina la Umeme. Alitembea kama anayefukuzwa. Alikula akiwa amesimama. Kaka akimwambia "taratibu", yeye alijibu, "Kaka, ukiendelea hivyo tutasubu sufuria za wajukuu." Walitaniana hivyo kutwa nzima, na kazi ikaenda.

Ajali ilitokea asubuhi moja baada ya mvua. Umeme alikuwa akitupia vipande chunguni, kimoja baada ya kingine, haraka haraka. Kati ya vipande hivyo kulikuwa na bomba fupi lililobanwa ncha zote mbili. Lilikuwa limelala nje na mvua ilikuwa imelinyeshea, maji kidogo yakapenya ndani kupitia ufa mwembamba usioonekana. Kila mtu wa kazi ile anajua kwamba maji na madini yaliyoyeyuka havikai chungu kimoja: maji yanageuka mvuke mara moja, na mvuke ukikosa njia unaitengeneza. Taratibu alikuwa ameinama kuondoa taka zilizoelea juu.

Mkewe alikuwa ndani akifunga mzigo wa soko. Alisikia mlio kama wa tairi la lori likipasuka, halafu sauti ya shemeji yake ikilia, "Kaka! Kaka!" Alipofika, mumewe alikuwa amekaa chini, mikono imeinuliwa mbele ya uso wake lakini haiugusi. Alumini ilikuwa imemrukia usoni, ikaganda juu ya ngozi vipande vipande, nyeupe, inang'aa.

Alipona. Ila macho yote mawili yalikwenda.

Umeme alikaa hospitalini mpaka madaktari walipotoa jibu hilo. Kisha akatoka nje, na hakurudi. Baadaye wakasikia kwamba anabeba magogo kwenye kiwanda cha mbao upande wa pili wa mji. Hakuna aliyemfuata. Taratibu naye hakumtaja. Alirudishwa nyumbani, akachagua kiti kilichokuwa pembeni ya chumba, na pale akakaa, uso umeelekea ukutani. Wageni walikuja kumpa pole, akawaitikia bila kugeuka, na mwisho hata wao wakapungua.

"Kile kibanda kivunjwe," alimwambia mkewe. "Atakayetaka matofali achukue."

"Sawa, baba watoto," mkewe alijibu. Lakini hakuvunja.

Siku moja, miaka mingi baadaye, nilimuuliza Mama Mfuniko kwa nini hakukivunja. Akasema nyumba ilikuwa imenyamaza. Tangu aolewe alikuwa amezoea kelele ya kugonga, kusugua, feni kulia, ndugu wawili kubishana. Ghafla kukawa na ukimya ambamo mtu angeweza kumsikia nzi akifikiri. "Nikaona," alisema, "kama moto ule hautawaka tena, yule bwana atazimika nao."

Basi akapiga moyo konde. Asubuhi moja yenye jua kali akapanga mkaa, akawasha, akaanza kuzungusha feni. Haikupita muda akasikia kitasa. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Zima."

"Sizimi."

"Mama watoto, mimi nimeacha macho yangu hapo. Wewe unataka kuacha nini?"

Alisimamisha feni. Alisema tu, "Nataka kujaribu mfuniko. Mmoja." Akaanza kuzungusha tena. Mumewe akarudi kwenye kiti chake na kufunga mlango kwa kishindo. Majirani walitania kwamba zamani bwana yule alipata jiko, na sasa jiko nalo limepata jiko. Yeye alicheka nao. Hakuwa na nguvu za kununa.

Kwa kweli hakujua kitu. Alijua sufuria ikishatoka, hakujua inaingiaje. Alijua kupanga mchanga wenye unyevu kidogo ndani ya fremu mbili za mbao, kuukandamiza juu ya sufuria ya mfano, kisha kuitoa ile sufuria ili ibaki nafasi yake tupu. Hayo alikuwa ameyaona kila siku. Tabu ilikuwa ni madini yenyewe. Aliyamimina mapema, yakaganda kabla ya kufika ukingoni, na sufuria ikatoka na mdomo ulioliwa kama na panya. Akaona kosa lake, akayaacha motoni zaidi. Safari hii yalijaa vizuri, yakapoa vizuri, akasugua, akauza kwa fahari sufuria yake ya kwanza kamili. Mnunuzi alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya jirani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watoto toka uwanja mzima. Kesho yake alirudi, sufuria imening'inia mkononi.

"Dada yangu," alisema, "mimi niliomba sufuria, wewe umeniuzia chujio. Nimebandika maharage, supu yote imekwenda kuzima moto."

Aliinua sufuria kuelekea jua. Kweli, ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama mbingu yenye nyota. Mama Mfuniko alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwomba radhi, akampa mifuniko miwili, akabeba ile sufuria na kuingia nayo ndani. Akaiweka chini kwa hasira, ikagonga sakafu.

Kutoka pembeni sauti ikasema, "Ilipikwa kupita kiasi."

Alishtuka. Mumewe hakuwa amezungumza mambo ya kazi tangu ile siku.

"Umejuaje?"

"Inalia kama kopo. Sufuria nzima inalia kama kengele, inavuta sauti. Hiyo imejaa hewa. Madini yakizidi moto yananywa hewa, halafu yakiganda ile hewa inabaki ndani." Akanyoosha mkono. "Hebu."

Alimpa. Vile vidole vikubwa vikazunguka sufuria polepole, nje, ndani, ukingoni. Mkewe aliketi chini karibu yake.

"Nifanyeje basi?" aliuliza. "Natazama mpaka macho yananiuma. Nasubiri iwe nyekundu, haiwi nyekundu."

Taratibu akatoa sauti fulani puani, na mkewe akatambua kwamba ni kicheko.

"Haitakuwa nyekundu. Chuma ukikichoma kinakwambia: kwanza chekundu, halafu cha manjano. Chuma kina adabu. Alumini haina. Inakuwa maji kabla hata haijabadilika rangi. Mchana kama huu utaikuta nyeupe vile vile, ya moto na ya baridi zimefanana kama mapacha. Ndiyo maana watu wanaishika wakidhani imepoa." Akaigeuza sufuria mikononi. "Hata nilipokuwa na macho, pale hayakunisaidia sana. Nilitumia fimbo ya chuma. Kavu, iliyopashwa moto kwanza. Unaichovya. Madini yakishika kwenye fimbo kama asali kwenye kijiko, bado. Yakiteleza yote na fimbo ikatoka safi, mimina. Ukichelewa hapo, unapika chujio."

"Nishikie wewe hiyo fimbo."

Mkewe alingoja. Aliniambia kwamba katika maisha yao yote aliwahi kumngoja mara nyingi, kwenye milango, sokoni, hata mbele ya watu siku ya harusi, ila hakuwahi kungoja vile.

"Kesho," alisema mwishowe.

Kesho yake mkewe alimshika mkono wakatoka. Alipoufikia ule moto na joto likampiga usoni, juu ya makovu, alirudi nyuma akakanyaga ndoo, akataka kugeuka. Mkewe hakumvuta. Alimwacha asimame, akamwelezea alichokuwa akikiona, kitu kimoja kimoja: chungu kimejaa nusu, vipande vyote nimevipasua mwenyewe, vyote vikavu, hakuna kilichofungwa, nimevianika juani tangu asubuhi. Akamwekea mkononi ile fimbo ndefu. Mumewe akavuta pumzi, akasogea, na ncha ya fimbo ikagusa madini.

"Bado. Inashika. Ongeza feni."

Feni ikalia.

"Bado. Kuna kitu kizito chini, koroga. Bado. Bado..." Akazidi kusikiliza kwa vidole. "Sasa. Mimina sasa, mama watoto, usiogope, kwa mkupuo mmoja, usisimame!"

Alimimina bila kusimama. Walipovunja mchanga baada ya kupoa, sufuria ilikuwa na mdomo mzima, duara, na ukingo ulionyooka. Taratibu aliigonga kwa ukucha. Ikalia, na sauti ikavutika hewani muda mrefu. Mkewe alienda nyuma ya kibanda akajifanya anatafuta mchanga.

Tangu hapo Taratibu akawa hakai tena kwenye kile kiti. Alihamia kibandani, akachukua kazi ya kuchagua vyuma chakavu kwa mikono. Alikuwa na sumaku iliyofungwa kamba: kikinasa ni chuma, kinatupwa kando, kisiponasa anakipima kwa uzito. Kikiwa kizito kuliko ukubwa wake, si alumini. Waya alijua kwa ulaini wake, anaupinda kwa vidole. Pistoni alizijua kwa ugumu, na alizichanganya na waya ili sufuria isiwe laini mno wala isipasuke. Vyenye rangi nene ya kupaka, aliyoihisi kwa kucha, na vipande vya betri alivikataa kabisa. "Hiki ni chombo cha kulia watu," alisema. Na yeye alimwambia kila mnunuzi jambo moja: usilaze humo chakula chenye ndimu au nyanya. "Alumini haina kutu kwa sababu ina ngozi yake, nyembamba, inajivika yenyewe ikipata hewa tu. Uchachu unaichubua. Iache ivae ngozi yake, utaishi nayo."

Lakini kazi ilimzidi. Kuchagua, kupasua, kuangalia moto, yote mtu mmoja asiyeona. Mara moja aliweka kwenye fungu la kuyeyusha kopo ambalo mkewe, kwa bahati tu, aliliona lina maji ndani kabla halijaingia chunguni. Siku hiyo walizima moto mapema. Mama Mfuniko hakulala vizuri. Asubuhi alijifunga kanga vizuri, akaenda kiwanda cha mbao.

Alimkuta Umeme amekaa juu ya gogo, amekonda. Alipomwona shemeji yake alisimama, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kukimbilia.

"Twende nyumbani," alimwambia.

"Shemeji, siwezi. Nitamtazamaje kaka?"

"Yeye hakuoni. Kwa hiyo tatizo la kutazamana liko upande wako peke yako, limepungua nusu."

Umeme alitoa macho. Kisha akacheka, kicheko kikamgeukia kilio, akaketi tena juu ya gogo na kujifunika uso. Wapakiaji wenzake wakasimama na magogo mabegani wasijue la kufanya. Mama Mfuniko alisubiri amalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akamkumbusha kwamba jua linazidi kuwa kali.

Taratibu alikuwa kibandani, sumaku mkononi. Alisikia hatua za watu wawili, akainua kichwa. Hatua za mdogo wake alizijua, ingawa safari hii zilikuwa nzito.

"Kaka," Umeme alisema, "nimekuja. Nisamehe."

Sumaku iliendelea kuning'inia, inazunguka kwenye kamba yake.

"Leo sijakusamehe," Taratibu alisema. "Sitakudanganya. Pengine kesho, pengine itachukua muda. Unajua mimi ni mtu wa taratibu." Akapapasa chini, akakiinua kipande cha bomba, akakinyoosha mbele. "Lakini kazi ipo. Kila kilichofungwa, wewe utakipasua. Kila chenye unyevu, utakianika. Hakuna kitakachoingia chunguni kabla ya kupita mikononi mwako. Mwingine yeyote nitakayemwajiri, ipo siku atasahau. Wewe huwezi."

Umeme akapokea lile bomba kwa mikono miwili. Akatafuta msumeno.

Wakawa watatu tena, na kelele zikarudi, ingawa kubishana kulichelewa sana. Mwanzoni ndugu wale walisemezana maneno ya kazi tu: leta, weka, bado, sasa. Jirani mmoja aliniambia alijua mambo yametengemaa siku aliposikia kaka akilalamika, "Wewe mbona siku hizi una uvivu, kipande kimoja unakipasua mpaka jua linazama?" na mdogo akajibu kwa sauti ya juu kwamba uvivu ni wa kurithi. Kama kulikuwa na siku ya msamaha yenyewe, hakuna aliyeitambua.

Yule mpishi wa shule naye akarudi. Alisema mifuniko miwili ile haikuwa na kasoro, hivyo ameamua kuwapa nafasi. Alitaka sufuria ya kupikia shule nzima, kubwa kiasi cha mtoto kuogea. Chungu chao hakikutosha. Wakatafuta kingine, wakachimba shimo zaidi, wakamimina kutoka vyungu viwili kwa pamoja, Umeme upande mmoja na Mama Mfuniko upande mwingine, Taratibu katikati akiwa na fimbo yake akiwapa amri. Ilitoka nzima. Mpishi aliizunguka, akaigonga, akainama kuishika masikio akijiandaa kukaza mgongo, na nusura aanguke kinyumenyume kwa jinsi ilivyoinuka kirahisi.

Mama Mfuniko aliifuata mpaka shuleni siku ya kwanza kubandikwa. Aliporudi mumewe alimkalisha akamhoji kama hakimu. Ilikaa sawasawa juu ya mafiga? Haikuvuja? Maji yalichemka upesi?

"Mpishi alikuwa hajamaliza hata kuchambua mchele."

Taratibu akapiga vidole juu ya goti lake. Tangu atoke hospitalini hakuwa amevuka uchochoro ule. Alijua uso wake ulivyo. Alikuwa ameupapasa mara nyingi.

"Kesho nitakwenda kuisikia," alisema.

Walikwenda kabla ya chakula cha mchana, yeye ameweka mkono begani kwa mkewe. Njiani watu walinyamaza walipopita, kisha wakasalimia, wengine kwa sauti kubwa mno, kana kwamba amekuwa kiziwi. Aliwaitikia wote. Jikoni mwa shule mpishi alimwekea kigoda karibu na moto, si karibu sana, na hapo akaketi, kichwa kimeinama upande, akisikiliza wali ukitokota ndani ya alumini aliyoichagua kipande kwa kipande.

Kengele ikalia, watoto wakaja mbio na sahani zao. Wa mbele walipomwona walisimama ghafla, na wa nyuma wakawagonga. Msichana mdogo aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alimkodolea macho kwa muda.

"Babu, uso wako umefanyaje?"

Mpishi akafungua mdomo kumkemea. Taratibu akainua kiganja kumzuia.

"Niliungua, mjukuu wangu. Nikiwa kazini."

"Bado unauma?"

"Kukiwa na baridi. Kidogo."

Msichana akafikiri, akatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyepata jibu la kumtosha, akamgeukia mpishi, na kunyoosha sahani yake.